Msusi Aliyeogopa Kukohoa

Msusi hakuwahi kucheza kamari hata siku moja. Mama yake alimlea akimwambia kwamba pesa ya bahati ni kama mgeni asiyebisha hodi: huingia kwa mlango huu, hutokea kwa ule, na kijiko kimoja hupotea. Kwa hiyo mchezo wa puto ulipoingia saluni, yeye aliutazama juu ya vichwa vya wateja tu, mikono ikiendelea na kazi.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Kwenye simu puto jekundu huanza kupanda, na namba hupanda nalo: moja na nusu, mbili, tatu. Aliyeweka dau hubonyeza neno TOA wakati wowote anaotaka, na dau lake huzidishwa kwa namba iliyopo. Puto likipasuka kabla hajabonyeza, dau limekwenda na maji. Siku nyingine linapaa mpaka watu wanashika vichwa. Siku nyingine linapasuka hata halijanyanyuka.

Asubuhi moja aliyekuwa kitini ni Mama Pacha, muuza mitumba, mteja wa miaka mingi, mwenye nywele nyingi na maneno mengi kuliko nywele. Msusi alikuwa amefika karibu na sikio akakuta hereni inamzuia.

"Toa," akasema.

Mama Pacha, macho yote kwenye simu, akabonyeza. Puto likapasuka papo hapo.

"We!" Akageuka hadi kitana kikamdondoka msusi mkononi. "Umejuaje?"

"Nimejua nini? Nimesema toa hereni!"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Mwenye saluni alicheka mpaka akaegemea draya. Mama Pacha peke yake hakucheka. Alimtazama msusi kwenye kioo kama mtu aliyegundua mlango pale ambapo jana palikuwa na ukuta.

Utani huzaa. Mchana huohuo wakamwambia, "Haya, sema tena." Msusi akasema kwa kuwafurahisha, na puto likapasuka mara tu baada ya neno lake. Wiki ile akapatia tena, na tena. Habari zikatoka nje zenyewe. Wakaanza kuja wanawake ambao nywele zao zilikuwa hazijamaliza hata siku tatu tangu zisukwe, wanafumua kusudi wapate kukaa kwenye kiti kile. Mwenye saluni akaongeza benchi. Msusi akawa anaachiwa chenji, anaitwa "mdogo wangu" na watu waliokuwa wakimwita "wewe dada". Tuseme ukweli, alifurahia. Nani asiyependa kupendwa?

Hofu iliingia siku ya muuguzi. Alikuwa mama mpole, mgeni pale, aliyeketi na simu mapajani bila kusema neno. Msusi, kwa mazoea, akasema "toa" puto lilipofika mbili. Labda muuguzi alisita, labda puto liliwahi. Likapasuka. Msusi akaona kwenye kioo midomo ya yule mama ikitikisika kama ya mtu anayehesabu kimoyomoyo. Kisha muuguzi akasimama, akajifunga kitambaa juu ya kichwa kilichosukwa nusu, akatoka. Hakurudi kumaliziwa. Mwanamke gani anatembea na kichwa nusu?

"Alichelewa kubonyeza," Mama Pacha akatoa hukumu. "Wewe ulisema sawasawa."

Benchi zima likaitikia. Ndipo msusi akaelewa. Hata akikosea, kumbe, hakosei.

Akaamua kunyamaza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Alipokohoa, simu zikabonyezwa. Alipojikuna shingo, mtu akanong'ona, "Ameashiria." Siku moja alipiga chafya, na mteja wa dirishani akapoteza pesa kwa sababu aliitafsiri chafya kuwa "subiri". Msusi akaanza kufanya kazi amebana kifua kama mtu aliyejificha chini ya kitanda. Mafua yalipomshika, alikuwa anatoka mbio kwenda kukoholea uani, nyuma ya tangi la maji, na hata huko alisikia mtu ndani akiuliza, "Amekohoa mara ngapi?"

Alikuwa na mdogo wake, fundi simu, mwenye kibanda mtaa wa pili. Akamwendea saa ya chakula.

"Mdogo wangu, hilo puto lina mpangilio?"

Fundi alikuwa amefungua simu ya mtu. Hakuinua macho. "Dada, na wewe umeanza?"

"Sijaanza. Nijibu."

"Puto halikumbuki kitu. Liwe limepasukia chini mara tano mfululizo, la sita haliwi na deni la kupaa. Mahali pa kupasukia mashine imeshapachagua kabla hujaliona. Na mwenye mchezo ameshakata chake humohumo: mkijumlishwa wote, kinachorudi ni pungufu ya kilichoingia. Ukitoa mapema, unapata kidogo kidogo, halafu mpasuko mmoja unameza vyote. Ukichelewa, unapata nyingi mara chache, na siku za katikati zinakumaliza. Njia mbili, shimo moja."

"Mbona mimi napatia?"

Sasa akainua macho. "Umekosea mara ngapi?"

"Sijui."

"Wanaopata wanakuja kufanya nini?"

"Kunishukuru."

"Na wanaokosa?"

Msusi akamkumbuka muuguzi na kile kitambaa.

"Saluni ziko nyingi, dada. Kila moja ina mtu anayeropoka 'toa'. Katika wengi hao, lazima atokee mmoja apatie mfululizo. Safari hii umeangukiwa wewe. Hicho si kipaji."

Maneno yale yalipaswa kumtuliza. Akaondoka nayo, lakini kulala nayo kukamshinda, kwa sababu chini yake kulikuwa na sauti nyingine ndogo ikisema: *lakini kama je?*

Kesho yake akafanya jaribio lake mwenyewe. Kwenye rafu kulikuwa na kichwa cha sponji cha kujifunzia kusuka. Mteja alipokuwa anacheza, msusi akatazama kwa pembe ya jicho, akasema moyoni, *sasa*. Puto likipasuka hapohapo, anachoma pini upande wa kulia wa sponji. Likiendelea kupaa, au likiwa limepasuka kabla yake, anachoma kushoto. Kufika mchana upande wa kushoto ulikuwa nungunungu. Kulia palikuwa na pini chache, za kuhurumia.

Basi imekwisha, akajiambia. Huna kitu. Shukuru Mungu.

Mara akauona mkono wake mwenyewe. Ulikuwa unachomoa pini upande wa kushoto. *Hiyo haihesabiki,* alikuwa anawaza, *nilikuwa nimegeuka kuchukua mafuta.* Na kwenye mfuko wa aproni mlikuwa na pini nyingine. Alizichomoa lini? Ngapi? Hakumbuki. Vinyweleo vikamsimama mikono yote miwili. Wateja kumwamini ilikuwa balaa la nje; hili lilikuwa limeshaingia ndani na kuvua viatu.

Alikuwa bado ameshika pini ile Mama Pacha alipoingia.

Siku hiyo hakuwa na maneno. Aliketi, akaweka mkoba mapajani, akaukumbatia. "Suka taratibu," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Leo nina mtaji wa mzigo mzima. Wangu na wa dada yangu. Tulipaswa tukachukue mitumba kesho. Nikiuzidisha mara mbili tu, mdogo wangu, mara mbili tu, naacha kabisa."

"Mama Pacha, usifanye hivyo."

"Wewe nitazamie tu."

"Sijui kitu! Sijawahi kujua. Ile siku ya kwanza nilikuwa nasema hereni!"

Mama Pacha akatabasamu, tabasamu la mtu anayemwonea huruma mnyenyekevu. "Sawa. Nyamaza. Nitaangalia mikono yako. Ikisimama, natoa."

Akaweka dau kabla msusi hajamzuia. Puto likaanza kupanda.

Msusi akainua macho. Kwenye kioo aliona macho ya Mama Pacha yameganda kwenye vidole vyake, na nyuma yao macho ya benchi zima. Akisimamisha mikono, amesema. Akiendelea kusuka, amesema pia. Akiiacha mikono iende na puto lipasuke, pesa ya mtu na dada yake imekufa mikononi mwake. Akiisimamisha na mama yule akapata, kesho atarudi na zaidi, na benchi zima nyuma yake. Puto lilikuwa hata halijafika moja na robo. Nywele aliyoshika ikaanza kumteleza kwa jasho.

Hakuchagua. Woga ulimchagulia. Akaachia nywele, akainua mikono yote juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki, akarudi nyuma.

Mama Pacha akabonyeza. Puto likapasuka.

Saluni ikalipuka. Mtu akapiga kigelegele. Mtu akamkumbatia kwa nyuma. Faida yenyewe ilikuwa ndogo, haifiki hata nauli ya mzigo, lakini nani aliijali? "Mmeona! Mmeona alivyoinua mikono! Angechelewa kidogo tu!" Mwenye saluni alikuwa analia machozi ya kweli.

"Nisikilizeni!" msusi akapiga kelele. Hawakuwahi kumsikia akipaza sauti, wakanyamaza. "Msiweke pesa. Acheni puto liende tu, na mimi nitasema. Muone wenyewe."

Wakakubali. Akasema "sasa", puto likaendelea kupaa. Akasema tena, likawa limeshapasuka. Akakosea, akakosea, akapatia mara moja, akakosea tena. Akawageukia akihema, karibu acheke kwa nafuu. "Mmeona?"

Walitazamana. Ndipo mwenye saluni akasema kwa upole, kama anayemweleza mtoto, "Si kwa sababu hakuna pesa ndani? Kipaji hakichezewi, mwanangu."

"Ndiyo maana," benchi likasema.

Msusi akavua aproni. Pini zikamwagika sakafuni. Akatoka, na hata kitana chake hakukibeba.

Alikaa nyumbani siku kadhaa akisuka majirani barazani, kwa sharti moja: simu zibaki ndani. Kila geti lilipogongwa, aliacha kusuka. Alimngoja Mama Pacha kama mtu anavyongoja matokeo ya kipimo. Na kweli akaja, jua la alasiri likiwa bado kali, amejitanda khanga hadi usoni. Msusi akajiandaa kutukanwa.

Mama Pacha hakutukana. Alikaa kwenye ngazi ya baraza. "Umeondoka, wakamweka yule binti anayeosha nywele kwenye kiti chako," akasema. "Wakasema labda kipaji kimebaki kitini. Nikamwamini. Alisema subiri. Nikasubiri."

"Mtaji wote?"

"Wote. Na wa dada." Akajifuta uso. "Anajua mzigo umechelewa njiani. Nimemwambia hivyo kila siku. Ameanza kuuliza jina la dereva."

Msusi akaketi pembeni yake. Alitaka kusema *nilikwambia*, akajizuia. "Twende ukamwambie," akasema badala yake. "Nitakusindikiza."

"Ataniua."

"Hatakuua. Twende kabla hujamtungia dereva jina."

Njia nzima Mama Pacha alimshika mkono, na mkono ule ulikuwa baridi kama umetoka kwenye ndoo. Dada yake, mjane wa makamo, mwenye duka dogo la vitambaa, alipowaona mlangoni akajua kuna jambo. Mama Pacha alisema yote amesimama, hakuficha. Dada alisikiliza huku akikunja kitambaa kilekile, akikikunjua, akikikunja tena. Kisha alilia, kisha alifoka mpaka watu wa duka la pili wakachungulia, kisha akachoka. Mwishowe akaamua: Mama Pacha atauza dukani kwake bila faida mpaka hasara ile ifidiwe, na simu yake itakuwa ndogo, ya kupigia na kupokelea tu. Mama Pacha akakubali kila kitu kwa kichwa, kama mtu aliyefanyiwa operesheni akaamka mzima.

Msusi alisikia mabega yake yakishuka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akaaga. Yule dada akamsindikiza hadi nje, hatua chache, akageuka kuhakikisha mdogo wake yuko ndani. Halafu akamshika msusi kiwiko. Macho yake yalikuwa bado mekundu ya kilio.

"Asante kwa kumleta," akasema. Akasita. Akashusha sauti. "Na wewe, mdogo wangu... kweli kabisa, huoni kitu?"

"Sioni, dada. Sijawahi kuona."

Mkono haukuachia mara moja. Msusi akauchomoa taratibu, akaanza kutembea, na vumbi la barabara likampanda kooni. Alijua yule mama bado amesimama pale anamtazama mgongo. Akabana kifua, akazidisha mwendo, asikohoe mpaka akate kona.