Mama Mkwe Aliyefichwa

Siku wakaguzi wanapokuja, mtaa mzima hufukarika kwa saa chache. Redio huhamia chini ya vitanda vya jamaa wa mbali, mbuzi huenda kutembea, na sufuria zilizosuguliwa hupakwa masizi upya. Tangu mto ulipofurika na kuzoa nyumba, msaada ulikuwa wa waliokuwa hoi kuliko wenzao, na kila mwenye akili alijifunza kuwa hoi.

Fundi cherehani, mjane wa mafuriko yale, alijifunza kwa kuumia. Mara ya mwisho alificha kila kitu akasahau kumficha mama mkwe wake. Mtaani walimwita Bi Bashasha, mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua kulia njaa mbele ya mgeni. Alimmiminia mkaguzi chai yenye sukari tele, akamwambia, "Tunamshukuru Mungu, mwanangu, hatujambo kabisa." Mkaguzi akanywa, akashukuru, akawafuta kwenye orodha ya msaada. Baada ya hapo walilala njaa si mara moja wala mbili.

Sasa tangazo jipya lilisema maafisa watakuja shuleni kuwaandikisha watu kwa ajili ya posho ya kila mwezi, tena kwa kila mzee, bila kubagua. Fundi aliguna. Hilo neno "kila" alilijua. Likifika kwenye foleni huwa limeshakonda. Wakimwona Bi Bashasha na mashavu yake, watacheka tu. Afadhali aseme mama anaumwa, hawezi hata kuketi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Asubuhi alipeleka godoro na chupa ya chai kwa jirani, cherehani akaifunika magunia. Kisha akasema, "Mama, nenda kwa dada yako ng'ambo ya daraja ukapumzike."

"Mpaka lini, mwanangu?"

"Nitakufuata." Alijibu huku akipaka sufuria masizi, hata usoni hakumtazama.

Shuleni alimkuta mzee mwenye duka la jumla amesimama mbele yake kwenye foleni, malori yake mawili yameegeshwa nje. Fundi akaingiwa na wasiwasi. Akakunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Zamu yake ilipofika aliyamwaga yote kwa pumzi moja: paa linavuja, mume alikufa maji, mama mkwe yu hoi kitandani.

"Pole sana, dada," afisa akasema, akaanza kukunja waya wa mashine ya alama za vidole. "Wagonjwa tunawafuata nyumbani. Twende."

"Sasa hivi?"

"Ndiyo. Kila aliyefikisha miaka sitini, posho ni haki yake. Paa hatulitazami."

Fundi alitazama malori ya yule mzee aliyekwisha kuandikishwa, akatazama mashine. "Hapana, kaka, ngoja. Hayupo. Hajambo kabisa. Nimemficha."

"Umemficha? Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mnene."

Foleni yote iliangua kicheko. Afisa hakucheka. "Mkimbilie, dada. Tukiondoka leo, tutarudi baada ya miezi sita."

Fundi alikimbia. Viatu alivivua darajani akavishika mkononi, na njia nzima alijilaani kwa sauti, wapita njia wakampisha. Miezi sita! Amemnyima mama wa watu haki yake kwa mkono wake mwenyewe.

Bi Bashasha hakuwa ameingia ndani kwa dada yake. Alikuwa ameketi nje ya lango, juu ya furushi kubwa. Ndani ya furushi mlikuwa na nguo zake zote, na pembeni ilichomoza picha ya marehemu mwanawe, ile ya ukutani. Fundi hakuwa ameona kwamba ukuta umebaki mtupu.

"Mama, mbona umebeba vyote?"

"Nilijua umenichoka." Safari hii uso wake haukuwa na bashasha hata chembe. "Chai yangu iliwaletea njaa. Mwanangu angekuwepo ningekaa. Sasa nakaa kwako kwa haki gani?"

Fundi akainama. Akalinyanyua furushi, akajitwika, akamshika mkono. Walirudi wakihema, mnene akimvuta mwembamba, na kabla mashine haijafungwa Bi Bashasha akaweka kidole.

"Tayari, mama," afisa akasema. "Posho ni yako kila mwezi, hakuna wa kukufuta."

Bi Bashasha alikitazama kile kidole, kisha akamgeukia Fundi. "Basi sasa nina changu. Ukitaka niende kwa dada yangu, sitakuwa mzigo kwa mtu."

"Mama, nyumbani ni kule picha inakotundikwa," Fundi alisema, machozi yakimtoka. "Naenda kuitundika."

Kisha akaenda kwa jirani. Alivuka barabara mchana kweupe, godoro kichwani na chupa ya chai mkononi, mbele ya gari la maafisa. Nyuma yake alimsikia Bi Bashasha akiwaita maafisa wapite kwake kwanza, wasiondoke na kiu.

Fundi alisimama katikati ya barabara. Akageuka.

"Mama," akaita kwa sauti, "waambie na sukari ipo."