Uduvi Waliofunga Ramadhani

Mwaka ule Nairuzi iliangukia ndani ya Ramadhani. Wageni wa mwaka mpya walifurika nyumba za mji wa Rasht mchana kutwa, na mwenyeji hawezi kuwapa hata lozi. Mahrokh aliona haya mno. Kila aliyeingia alimsogeza kwenye tangi la kioo la mumewe, la kufugia uduvi, akamtia mkononi mkebe wa chakula chao. "Walishe hao kwa niaba yetu."

Wakalisha kwa ukarimu. Chakula kikazama kwenye changarawe, kikaoza, na minyoo bapa myeupe, yenye vichwa kama ncha ya mshale, ikazaana ikapanda kioo.

Ardavan, mume wa Mahrokh na fundi mabasi mstaafu, alinyong'onyea. Uduvi wake jike alikuwa amebeba mayai, ya kwanza tangu aanze kufuga. Vitoto vikitoka, minyoo ingevila.

"Si utie dawa ya minyoo ya mbwa," Mahrokh alisema.

"Iniulie na konokono wa tangini? Ulafi ndio ulioileta minyoo, ulafi utaitoa."

Alitoboa vitundu kwenye kifuniko cha kichupa, akatia kipande cha firigisi mbichi, akakilaza kichupa chini ya maji. Akalifunika tangi shuka jeusi, maana minyoo ile hupenda giza. Baada ya futari akakitoa kimejaa minyoo inayojinyonganyonga, akaitia maji ya moto. Kisha akafyonza uchafu wa changarawe kwa mpira wa maji. Akawa anafanya hivyo kila siku. Minyoo ilipungua jioni, wageni wakafunua tangi, wakainenepesha tena mchana.

"Ficha huo mkebe, mke wangu."

"Mikono yao niipe nini? Shangazi yangu Turan anakuja leo. Mnyime wewe."

Shangazi Turan hakuwahi kunyimwa kitu. Marehemu mumewe, wasema watu, alimwomba ruhusa hata ya kukohoa. Aliingia, akalitazama lile shuka jeusi.

"Nani kafa?"

"Hakuna, shangazi."

"Basi funua." Akafungua mkebe, akachota.

Ardavan akaziba tangi kwa kiganja. "Nao wamefunga, shangazi."

"Uduvi?"

"Mwezi mzima."

"Mkwe wangu, nimezeeka sijaona mdudu anayefunga. Unaninyima?"

Mahrokh akachungulia kutoka jikoni.

"Nakunyima," Ardavan alisema. "Ukiwapa hawa, unalisha minyoo. Nayo itakula watoto wa huyu." Akamwonyesha yule jike, mayai yamemjaa chini ya tumbo.

Shangazi akavaa miwani, akainama, akayatazama mayai. Kisha akarudisha chakula mkebeni.

"Nyumba hii haina adabu," alisema, "ila ina mjamzito."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya tangi. Tangu siku hiyo alikuja kila mchana, na kila mgeni aliyesogea alimwambia, "Wamefunga. Kaa chini." Nani angembishia? Changarawe ikawa safi, kichupa kikaanza kutoka kitupu.

Mchana mmoja Ardavan alimwita shangazi kwenye kioo. Juu ya mwani wa tangini vilitembea vitoto vyekundu vya uduvi, vyembamba kama ncha za sindano.

"Wamekonda kwa saumu," shangazi alinung'unika.

"Ndiyo maana wapo," Ardavan akamjibu.