Wimbo wa Babu wa Kushambulia

Mdomo ndio uliomponza Kamis. Miaka sita katika bendi ya jeshi, kila alipokunywa chai kantini, aliwaeleza wenzake kwamba babu yake alikuja Uganda kutoka Sudan na tarumbeta mkononi, na alikuwa na wimbo mmoja ambao farasi wakiusikia huwavamia maadui bila kungoja mjeledi. Wimbo huo Kamis aliurithi kwa baba yake, akauringia kuliko mshahara.

Hakuna aliyemjali mpaka mwaka 1978, siku Kapteni alipotazama filamu ya Kizungu kwenye mesi ya maofisa. Watu wamezingirwa, wamekwisha kata tamaa, mara tarumbeta inalia na farasi mia wanateremka mlimani. Kapteni hakulala. Akaagiza kutoka Nairobi farasi kumi na wawili, wazee waliostaafu upolisi, akawapandisha askari ambao hata punda hawakuwahi kumpanda, akatafuta watu wa kamera wa kutengeneza filamu ya sikukuu ya jeshi. Mmoja wa wapandaji hao alikuwa Abudu, aliyemwoa Safinah, dada yake Kamis, kabla ya Ramadhani. Kisha Kapteni akamwita Kamis.

"Mimi nasikia wewe iko na wimbo ya babu. Jumamosi utapiga. Farasi ikikataa, wewe utaingia buti ya gari yangu."

Buti hilo Kampala nzima ililijua. Mpiga ngoma aliyekosea wimbo wa taifa mwezi wa Aprili aliingizwa humo mchana kweupe, na mkewe alikuwa bado anamuulizia.

Basi Kamis hakutulia tena. Alikula amesimama. Bendi ilikuwa ikifanyia mazoezi kipande cha Kizungu chenye mbio za farasi mwishoni, na kila zilipofika mbio hizo yeye alizitangulia, hadi mkuu wa bendi, Okullo, akatupa kijiti chake chini.

"Unakimbia kwenda wapi? Farasi ya muziki haitakukanyaga!"

Kamis akaokota kijiti, akamrudishia. Angemwambia nini, kwamba hajawahi hata kumgusa farasi?

Ijumaa akaenda Bukoto kwa mama yake, Rehemah, akamkuta anapepeta mchele. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka hadi ungo ukamponyoka.

"Vita gani? Babu yako alikuwa mtu ya kulisha farasi. Hiyo wimbo ni ya kuita farasi ikule. Baba yako aliona haya, akaigeuza ya vita. Mwanangu, sasa tutafanya nini?" Na kicheko kikaisha hapohapo.

Kamis alitoka pale amefura kwa hasira na aibu. Babu mzima, shujaa wa ukoo, kumbe mbeba ndoo! Alitembea mpaka Mengo bila kujua anakwenda wapi, akageuka, akarudi. Njiani ndipo lilipomjia wazo: farasi mwenye njaa hukimbilia wapi? Akaenda moja kwa moja kwa mzee aliyekuja na farasi wale. Mzee aliusikiliza wimbo, akatikisa kichwa kukubali. Kule polisi nako waliitiwa chakula kwa wimbo huohuo, ulioachwa na Waingereza. Usiku ule farasi hawakupewa kitu.

Jumamosi ndoo za pumba zilifichwa nyuma ya kilima walikolala askari wa kuigiza adui. Kamera zikawashwa. Kamis akapuliza.

Farasi waliinua masikio, wakatimka. Wote kumi na wawili, vumbi likipaa nyuma yao, wapandaji wameshikilia manyoya ya shingo, Abudu akiwa mbele kabisa anapiga kelele. Maadui wa kuigiza walitawanyika kwa hofu ya kweli. Kapteni alifuta machozi.

"Sikiliza!" akasema wapandaji waliporudi kwa miguu. "Vita imeanza huko mpakani. Jumatatu farasi hii yote inakwenda mbele, na wimbo yake!"

Abudu akamkumbatia Kamis. "Shemeji, mimi sasa haiogopi kitu. Farasi inajua kazi!"

Kamis alitaka kucheka, akashindwa. Nani atakwenda kuweka pumba nyuma ya bunduki za adui? Mpiga tarumbeta husimama nyuma, yeye angepona. Alikuwa na haja ya kunyamaza tu, na kunyamaza ndiko kulikomshinda maisha yake yote.

"Afande, iko neno moja. Hii wimbo si ya vita. Ni ya chakula. Nyuma ya kilima iko pumba."

Kapteni akapanda kilima, akatazama, akarudi polepole.

"Piga tena."

Kamis akapuliza, vizuri kuliko alivyowahi kupuliza. Kule nyuma farasi mmoja alitikisa sikio, akarudisha mdomo kwenye ndoo. Wengine hawakujisumbua.

"Farasi irudi Nairobi," Kapteni alisema taratibu. Kisha akatoa funguo za gari mfukoni.

Kamis akampa Abudu tarumbeta.

"Peleka kwa mama. Mwambie nimesema mbele ya watu wote kazi ya babu ilikuwa nini."

Akaelekea kwenye gari kabla hajasukumwa.