Safu ya Mia Nne Kumi na Saba

…za kijivu, alisema, si nyeusi, na yeye akaleta soksi nyeusi, mkewe akacheka pale kitandani kwa pumzi iliyobaki, msomi mzima na rangi huzijui, akanyoosha miguu avishwe, na hilo ndilo lililokuwa jambo la mwisho la kawaida, maana alipoinua kichwa mshale wa mtungi wa oksijeni ulikuwa umelala kwenye sifuri… "Mwalimu, unanisikia?" ni dada wa meza ya pili, kidole kwenye skrini, "tatizo letu la mgao wa mitungi likiingia kwenye ule mkusanyo wa kupimia programu, watafiti wa nje watatupenda, tazama, matriki karibu yote ni nyeupe," naye akaitikia, ndiyo, nyeupe, jedwali kubwa la namba, penye namba pana doti, penye sifuri hapana kitu, kila safu ni kituo kimoja cha afya na mitungi yake, majina yameshaondolewa, wageni watapimia tu kasi ya programu zao, "ila hii ya mia nne kumi na saba haina hata doti moja, tuifute?"… mia nne kumi na saba, majina hayapo lakini orodha aliipanga yeye kwa mkono wake, vikubwa mwanzo, vidogo mwisho, na hiki ni kile chenye vitanda sita na ukuta wa kijani hadi kiunoni, ambako muuguzi alimwambia, mwingine hakuna, baba, tunaomba tangu mwezi uliopita hauletwi, naye akamwita mwongo, mmeuuza, akamwandikia kurasa tatu za mashtaka, saa kwa saa, dakika kwa dakika, kwa ule usahihi anaosifiwa nao, na kesho saa tatu kamati ya nidhamu itamfukuza kazi mama wa watu… labda gari liliharibika, labda kweli waliuza, hapana, tulia, hesabu, nani alisema mwanzoni mwa mwaka kila namba iliyo chini ya sehemu moja ya elfu ihesabiwe sifuri ili programu ya mgao ikimbie, ni yeye, na ikakimbia, wakapigiana makofi, na hitaji la kituo kile katika mahitaji yote lilikuwa sehemu nane za elfu kumi, dogo mno, likafutika, na safu tupu haipigi kelele, haileti kosa, programu huipa sifuri na kuendelea na safari, mitungi sifuri mwezi ule, sifuri mwezi uliofuata, na muuguzi akiomba, akiomba, barua zake zikiishia wapi… "Mwalimu, mbona umeduwaa kama umeona jini? Safu tupu haina kazi, nabonyeza mara moja tu, yamekwisha," na kweli yangekwisha, hakuna mwingine duniani anayejua ile ni safu ya nani, kidole cha dada kiko juu ya kitufe, feni inazunguka, chai yake inatoa mvuke… "Usiiguse." "Haya, sigusi! Kwani umeioa?" akacheka, kisha akamwona uso, akaondoa kidole. Kesho yake, saa mbili na nusu asubuhi, alikuwa benchini nje ya mlango wa kamati, na mapajani karatasi mbili, safu kabla ya namba kufutwa na safu baada yake, muuguzi akaja akakaa mwisho wa benchi bila kumsalimu, naye akasogea, akampa zote mbili azisome kwanza yeye.