Mafuta Yasiyopungua

Kambare wa Jumwa walikuwa na jina pale stendi ya Garsen. Aliwapasua mgongoni, akawachanja mbavuni, akawasugua chumvi, ndimu na pilipili ya kutwanga, kisha akawaanika kidogo hadi ngozi ikauke, ndipo akawatia karaini. Madereva wa malori ya Lamu walisimama kwa ajili yake. Mwenyewe mchana alikula sima na mchicha, kwa maana anayekaanga samaki kutwa nzima hutokwa na hamu nao.

Mafuta aliletewa na Mramba, mtoto wa kakake, kwa madumu ya manjano. Yalikuwa mafuta ya ajabu. Kutwa yapo motoni na hayapungui, hayafanyi povu, hayawi meusi upesi. Mramba alisema ni ya hoteli kubwa za Mombasa, na Jumwa hakuuliza zaidi. Kijana alikuwa amemlea mwenyewe, tangu meno ya utotoni.

Siku hiyo Mramba alikuwa akishusha dumu jipya wakati Pekeshe, mkulima wa mpunga wa ng'ambo ya mto, alipofika na panga mkononi. Hakusalimu. Alipiga meza teke, na kambare wakamwagika mchangani pamoja na bakuli la pilipili.

"Mwanangu anatapika damu tangu jana," alisema. "Alikula samaki wako. Na mtoto wa jirani yangu vilevile."

"Baba, keti kwanza tuzungumze."

Pekeshe alimpiga bapa la panga begani. Jumwa akayumba, akashika nguzo ya kibanda. La pili lilimpata shavuni na akaonja damu. Watu wakaanza kujaa, na Jilo wa bodaboda akamshika Pekeshe kiuno kwa nyuma.

"Ndugu, huyo ni mama mzee."

"Mzee wa kuua watoto wa watu?"

Jumwa alifuta mdomo kwa pindo la leso. Moyoni aliona jambo moja tu: jina lake. Kwao Umijikenda, anayemimina tembo la mnazi hunywa yeye kwanza, wageni wakimtazama, ili shaka ya sumu iishe. Basi alichukua upawa wenye matundu, akatoa kambare aliyekuwa bado anachemka karaini, akamega kipande cha mgongo.

"Mniangalie," akasema. "Nikianguka, mnizike. Nisipoanguka, huyu baba ataniomba radhi."

Akakipeleka mdomoni.

Mramba aliruka dumu na kumpiga mkono kwa nguvu hata kipande kikarukia barabarani. "Usile, shangazi!"

Muuza miraa aliacha kutafuna.

"Kwa nini asile?" Pekeshe aliuliza, polepole.

Ngumi ya kwanza ilikuwa ya Jilo, na ilimng'oa Mramba jino. Baada ya hapo haikujulikana nani anapiga na nani anavuta. Walimwangusha, wakamkanyaga mbavu, mtu akamtwanga kwa kigoda cha Jumwa hadi mguu wa kigoda ukavunjika. Jumwa aliusikia mfupa wa mkono wa Mramba ukikatika kama kuni kavu.

"Sema ni mafuta gani!"

"Ya transfoma," alisema na damu ikimtoka puani. "Tunayachuruza kwenye nguzo za stima."

"Ndiyo maana kwetu hakuna stima wiki nzima," alisema Jilo. "Na sisi tunawatukana watu wa kampuni ya umeme bure."

Pekeshe alimkokota Mramba kwa nywele hadi jikoni. "Mkono ulioyaleta utaingia humu. Halafu uso."

Wawili wakamshika mabega. Vidole vilikuwa juu ya karai, mvuke unavichoma, naye alilia kwa sauti ya mtoto. Jumwa aliinua mguu, akalisukuma karai.

Mafuta yalimwagika juu ya makaa, moto ukapanda hadi makuti ya kibanda. Watu walikimbia. Yaliyobaki yalimpitia Jumwa miguu yote miwili, ngozi ikabanduka pamoja na kandambili, akaanguka kando ya Mramba. Jilo aliwavuta wote wawili hadi barabarani, kibanda kikiungua nyuma yao.

Pekeshe alirudi na panga.

"Huyu ukimuua," Jumwa alimwambia, akisaga meno, "nani atatutajia wengine wanaokaangia mafuta haya? Sasa hivi kuna watoto wanakula."

Pekeshe alisimama.

"Mramba," Jumwa akasema. "Mimi umenipiga mkono nisile. Mtoto wake je?"

"Wewe ni shangazi yangu."

"Nimekuuliza juu ya mtoto wake."

Mramba alilia, makamasi na damu pamoja.

"Basi taja."

Akataja. Kila alipotaja kibanda, watu walichomoka mbio, na huko mbali zikasikika meza zikipinduliwa na wanawake wakipiga mayowe. Pekeshe alikwenda nao. Jilo alipiga simu polisi.

Mramba alijaribu kuinuka kwa mkono uliobaki mzima. "Niachie, shangazi. Wataniua wakirudi, au nitafungwa."

Jumwa alikuwa amemshika shati. Miguu yake ilikuwa mibichi kama nyama ya buchani, mchanga umeingia ndani, na kila pumzi ilimuuma. Alilizungusha lile shati mkononi mara nyingine, akakaza ngumi, akatazama barabara ya kutokea gari la polisi.