Wiki ya Nne

Ambilikile alikufa sote tukiwa tumeshasahau kwamba aliumia. Wiki ya nne tangu gogo limpige tumboni, alikuwa akipalilia migomba, akitaniana na watoto na kukwangua sufuria ya ndizi. Asubuhi ile alikaa kizingitini, akasema bega la kushoto linamuuma. Nikamcheka.

"Jembe hilo, baba Veronika. Ulilikimbia, sasa linalipa kisasi."

Nililikanda kwa maji ya moto. Maji hayajapoa, midomo ikamgeuka myeupe, akaniangukia kifuani.

Gogo lile lilimpata mwaka sabini na nne, tukijenga ghala la kijiji cha ujamaa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Asajile, mdogo wake, balozi wetu wa nyumba kumi. Yeye ndiye aliyempeleka hospitali. Mimi nilibaki na kichanga mgongoni. Aliporudi alisema, "Mchubuko tu, shemeji. Kesho kutwa anashika kazi." Nikamwamini, maana nani asiyemwamini mtu aliyenyonya ziwa moja na mumewe?

Msibani wanawake walinong'ona kwamba mwanaume mzima hafi kwa bega. Kwetu mtu akifa tumbo limevimba, kama lake lilivyovimba, huulizwa nani alimkasirikia akamroga. Macho yakanigeukia mimi. Asajile aliyaona, akanyamaza.

Matanga yalipoisha nilikwenda hospitali kwa miguu. Daktari alifungua faili la mume wangu.

"Bandama ilichubuka, mama. Mshipa wake wa damu huweza kuvimba polepole, ukapasuka hata baada ya mwezi. Nilimwambia mdogo wake: miezi miwili asiguse jembe, na bega la kushoto likiuma, mleteni mbio. Hakukwambia?"

Sikulia njia nzima. Kufiwa nilikuwa nimeanza kukuzoea. Kusalitiwa sikujua nikubebeje.

Jumamosi iliyofuata Asajile alikuja na wazee wa ukoo kunirithi, kama desturi ilivyotaka. Alivaa koti la marehemu.

"Nitakutunza, shemeji," alisema.

"Daktari alikwambia nini?"

"Ghala lilikuwa na tarehe yake. Wakubwa walikuwa wanakuja kulifungua. Nami nilimwona anatembea, anacheka…"

Mzee Ambindwile, baba yao mdogo, aliinuka wa kwanza. Alimvua Asajile lile koti, akaliweka magotini pangu, wote wakaondoka.

Minong'ono ya uchawi wangu ilikoma wiki hiyo hiyo. Ila mpaka leo hakuna hata mmoja aliyekuja kuniomba radhi.