Alama Zilizonyooshwa

Mkono usiotetemeka tena umefundishika, au umekufa ganzi? Soumaya alijiuliza swali hilo kila asubuhi alipomlaza mgonjwa wa kwanza chini ya mashine ya mionzi, na kila asubuhi alitoka chumbani bila jibu. Alifunga mlango mzito, akaketi mbele ya skrini, akabonyeza kitufe. Ndani, mwanamke alilala peke yake, kifua wazi, akiwa ameagizwa asijitikise. Nje, Soumaya alimtazama kama mtu atazamavyo mvua ya kwa jirani.

Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Alipoanza masomo ya ufundi wa tiba ya mionzi, kila mgonjwa alimtoa machozi. Kisha mama yake, Asiya, akafa kwa saratani ya titi, wakati binti yuko nchi ya watu akijifunza kuitibu saratani hiyo hiyo. Alirudi Bwiza, mtaa wao wa Bujumbura, akakuta matanga yameshaondolewa. Watu walingoja alie; hakulia. Wakasema mtoto wa Asiya kasoma hadi moyo umemkauka. Naye hakubisha, kwa kuwa hakuona la kubisha.

Sasa alikuwa mwaka wa mwisho, akifanya mazoezi katika hospitali moja ya Bujumbura, na alichobakiza ni memwari, ile kazi ya utafiti ambayo mwanafunzi asipoitetea hapati shahada. Mada yake ilikuwa alama. Kabla tiba haijaanza, fundi humchora mgonjwa vijialama vya wino kifuani na ubavuni, ili kila siku mistari ya taa iangukie hapo hapo na mionzi ipige pale pale. Lakini joto la Bujumbura halina huruma na wino: jasho huufuta, maji ya kuoga huufuta, na nguo zinazosugua ngozi ndizo kabisa. Soumaya alitaka kujua alama hupotea vipi, na mafundi huzirudisha vipi.

Dokta Elvire, mkuu wa idara, ndiye aliyemfungulia njia. Kwa desturi utafiti ulikuwa wa madaktari. Fundi alisoma vipimo, akavikabidhi, akanyamaza. Dokta Elvire aliwagombania mafundi mpaka wakapewa nafasi moja kwenye mkutano wa wataalamu wa kanda. Nafasi hiyo alimpa Soumaya.

Ndipo asubuhi moja akaja mgonjwa Consolate, karani wa mtaa wa Ngagara, akiwa na alama nyeusi ti, kana kwamba zimechorwa dakika ile. Gaël, mwanafunzi mwenzake, akapiga mluzi.

“Hizi hata sabuni ya kufulia haizitoi. Tubonyeze, Soumaya, foleni ni ndefu.”

Taa ziliangukia alama barabara. Soumaya alikuwa ameshageuka kuondoka alipoliona kovu la upasuaji. Alama ya chini ilipaswa kuligusa kovu hilo ncha yake. Sasa ilikuwa imesogea upana wa kidole.

“Mama Consolate, nani alikuchora?”

“Ni Mama Zubeda. Anatuchora sisi wote pale kwenye benchi ya kungojea.”

Zubeda alikuwa mgonjwa kama wao, na Bwiza nzima ilimjua: hakuna bibi arusi aliyetoka bila kupitia mikononi mwake. Alipoitwa hakuona haya wala hofu.

“Mwanangu, zile zenu zilikuwa zinafutika. Na mukikuta zimefutika munatugombeza kama watoto wa shule. Mi niko na piko yangu, ile rangi nyeusi ya kupamba maarusi. Haitoki upesi.”

“Sawa, mama. Na mbona umezihamisha?”

“Apana, sikuhamisha. Nilinyosha. We ulinichora moja juu, moja chini, kama mutu anachora gizani. Mi nikipamba bibi arusi vile, si mama mukwe atanifukuza na ndala?”

Benchi zima likacheka. Gaël alificha uso kwenye mkono wa koti lake jeupe. Soumaya hakucheka.

Siku hiyo tiba ya wanawake wote waliochorwa na Zubeda ilisimamishwa, wakapigwa picha upya, alama zikarudishwa mahali pake. Baadhi yao, Zubeda mmojawapo, walikuwa wameshapigwa mionzi kwa alama zilizonyooshwa, na waliobonyeza kitufe ni Soumaya na Gaël. Dokta Elvire alipiga hesabu mwenyewe, akaona kosa linarekebishika, akawaeleza wagonjwa mmoja mmoja. Kisha akamwita Soumaya.

“Wale wanawake utawatoa kwenye memwari.”

“Niwatoe wote, Dokta?”

“Wote. Wewe unauliza alama zinafutika namna gani. Zile hazikufutika, zimechorwa na mutu mwingine.” Akashusha sauti. “Na fikiria, binti yangu. Unasimama mbele ya watu unasema mgonjwa alijipaka piko na fundi akabonyeza. Wale wanaosema fundi hana akili ya utafiti, utakuwa umewapa nini? Watafunga mlango, na si kwako peke yako.”

Maneno yalikuwa ya kweli. Soumaya alijipekua ndani kutafuta hasira, au hata woga, akakuta chumba kitupu kilichofagiliwa. Akaitikia kwa kichwa, akatoka.

Zubeda alikuwa bado kwenye benchi, akimngoja mwanawe aje kumchukua. Akampigia benchi kwa kiganja: kaa.

“Ile miale iliyoenda pembeni, itaniua?”

“Apana, mama. Itasahihishwa.”

“Basi nieleze kitu kimoja. Kule kupinda, kulikuwa na maana?”

“Ndiyo. Ugonjwa haukukaa sawa pande zote. Alama zinaufuata ugonjwa.”

Zubeda aligusa alama ya ubavuni mwake. “Kumbe. Ungenieleza, nisingegusa. We ulichora, ukasema usioshe, ukaenda nyuma ya ukuta. Mama yako ndiye nilimpamba arusi yake. Angekuwa yeye hapa kwenye benchi, ungemweleza?”

Soumaya alitaka kusema ndiyo, lakini aliyakumbuka mashauri yote aliyowahi kuwapa wagonjwa wake, na yote yalikuwa neno moja: usioshe. Hakulia. Alijua tu, kama mtu ajuavyo jina lake, kwamba jambo ambalo memwari yake ilikuwa ikilitafuta limeketi pale kwenye benchi, na kwamba ameambiwa alitupe.

Kesho yake, mafundi walipokutana asubuhi kabla ya wagonjwa kuingia, Dokta Elvire alimuuliza mbele ya wote kama kazi imeshasafishwa.

“Haijasafishwa, Dokta,” alisema Soumaya.

Gaël akamkanyaga mguu chini ya meza. Soumaya hakuuondoa mguu wake.

“Wale wanawake sitawatoa. Nitaandika kwamba walichorana kwa sababu hatukuwaeleza, na kwamba tuliobonyeza kitufe bila kuangalia kovu ni sisi. Jina langu nitaliweka kwanza. Kama mkutano hautanipokea hivyo, sitaenda. Kama shahada itachelewa, nitangoja. Na kuanzia leo, mgonjwa ninayemchora mimi, nitamweleza kwanza kwa nini.”